Maji Yakija Usiku, Funguo Ziko kwa Nani?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wetu walio viongozi wa vikundi, vyama na asasi za mitaani watuandikie kuhusu maandalizi ya maafa na dharura, na barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Nimechagua sita ambazo maswali yake yameulizwa pia na wengine. Majina ya waandishi na ya vikundi vyao nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa baadhi yao wameeleza mambo ya ndani ambayo hayapaswi kuwafikia majirani kwa njia ya gazeti.

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, chenye wanachama 28, wengi wetu tukiwa akina mama wa Kigogo, Dar es Salaam. Masika iliyopita maji yaliingia usiku katika nyumba ya mwenzetu anayetunza kisanduku. Watoto walitolewa salama, tunamshukuru Mungu, lakini vitabu vya hisa vililowa vyote, na mpaka leo tuna ugomvi juu ya nani alikuwa na mkopo wa kiasi gani. Sasa wenzangu wanataka tuchange tununue mashine ya kuvuta maji. Je, hayo ndiyo maandalizi? (Katibu, Kigogo)

JIBU: Pole sana, dada yangu, wewe na wenzako, na hasa huyo mwenzenu ambaye alipata hasara ya nyumba yake na bado akabebeshwa lawama za kisanduku. Mashine ya kuvuta maji itawafaa baada ya mafuriko, endapo kuna mafuta, endapo yupo anayejua kuiwasha, na endapo pana mahali pa kuyamwagia maji hayo. Nanyi mnajua kwamba bondeni kwenu, mto ukiwa umejaa, mahali hapo hapapatikani. Fedha hizo zihifadhini kwanza. Kikundi cha VICOBA kimekwishajiandaa nusu bila kujua, kwa sababu kina mambo ambayo wataalamu wa maafa huhangaika miaka kuyajenga katika mtaa: watu wanaokutana kila wiki, vikundi vidogo vya watu watano watano wanaodhaminiana, watunza funguo watatu, na mfuko wa jamii. Kazi iliyobaki ni kuvifanya vitu hivyo vifanye kazi usiku, mvua ikinyesha, na mwenyekiti akiwa safarini.

Anzeni na kumbukumbu, kwa kuwa hizo ndizo zilizowaumiza. Kila kikao kinapofungwa, kabla kisanduku hakijafungwa, kurasa zote zilizoandikwa siku hiyo zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa wanachama wawili, mmoja wao akiwa anaishi nje kabisa ya bonde. Jumla ya hisa na deni la kila mwanachama isomwe kwa sauti na mwenyewe aiitikie mbele ya wenzake, kwa sababu kumbukumbu iliyo vichwani mwa watu 28 hailowi. Kisanduku chenyewe, kuanzia mwanzo wa Machi mpaka mwisho wa Mei, na tena wakati wa vuli, kihamie kwa mwanachama anayeishi mahali palipoinuka, na jambo hilo liandikwe katika katiba ya kikundi ili lisitegemee busara ya mtu mmoja. Katiba hiyo hiyo iseme ni kiasi gani cha mfuko wa jamii kinaweza kutolewa bila kikao, kwa makubaliano ya viongozi wawili kwa simu, mwanachama anapokuwa juu ya paa la jirani na watoto. Nimewahi kukiona kikundi kizuri, chenye akiba ya kutosha, kikishindwa kununua hata mkate kwa siku tatu kwa kuwa mtunza funguo mmoja alikuwa amekwenda msibani mkoani. Funguo zilikuwa tatu kwa ajili ya uaminifu, na hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje ikibidi kufungua haraka.

Pili, ujueni mto wenu. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti na Tabata kabla ya kufika kwenu, kisha unakwenda Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Salender. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kuwavamia Kigogo wakati kwenu hakujanyesha hata tone, kwa sababu mvua ilinyesha juu. Kwa hiyo tafuteni kikundi kingine cha akina mama kilichopo Vingunguti au Gongo la Mboto, mfanye nacho urafiki, mwalikane hata kwenye sherehe ya kugawana faida, na mwekeane ahadi kwamba mto ukijaa kwao watawapigia simu saa hiyo hiyo. Simu moja ya namna hiyo inaweza kuwapa muda wa kuwaamsha watoto na kufunga virago.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano, nayo hutumia maneno ya ngazi ambayo wengi huyachanganya: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kubalianeni mapema kila neno lina maana gani kwa kikundi chenu. Angalizo likitangazwa, kila kiongozi wa watano anawapigia wenzake na kuhakikisha simu zina chaji. Tahadhari ikitangazwa, vyeti, kadi za kliniki, dawa na sare za shule vinaingia kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa juu. Tahadhari kubwa ikitangazwa, wenye watoto wachanga, wagonjwa na wazee wanalala kwingine usiku huo, hata kama mbingu ni nyeupe. Na hapo pa kulala patajwe kwa jina: nyumba ya fulani, mtaa fulani, ambaye amekwishakubali. Kusema “tutapanda juu” hakutoshi, kwa kuwa saa nane za usiku huko juu hakuna mlango unaowasubiri.

Wanachama waelewe pia kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15, ambacho ni takriban urefu wa kalamu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kwamba mtaro uliofunikwa na maji hauonekani. Tangu 2015 vijana wa vyuo na wakazi wa kata nyingi za Dar es Salaam walichora mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika kupitia mradi wa Ramani Huria. Ramani kama hizo zipo, lakini hata bila hizo wanachama wenu 28 wanaweza, kwa kikao kimoja, kuchora kwenye karatasi ya manila njia ipi hufunga kwanza na ipi hubaki wazi. Mkimaliza hayo yote na fedha zikabaki, basi nunueni tochi, kipaza sauti cha mkono na turubai.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 66, mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, katika wilaya ya Kilwa. Kimbunga Hidaya kilipotangazwa, Mei 2024, tulipita pwani nzima kuwaambia wavuvi wasitoke. Baadhi walitii. Wengine walisema pwani yetu haijui vimbunga, wakatoka, wakarudi salama, na sasa maneno yetu hayana uzito tena. Tutawezaje kusikilizwa siku nyingine? (Mwenyekiti, Kilwa)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenigusa kuliko mengine, kwa kuwa umefanya kazi iliyo sahihi na malipo yake yamekuwa dharau.

Hoja kwamba pwani yetu haijui vimbunga ina nusu ya ukweli, na ni vizuri ukaikubali nusu hiyo mbele ya wavuvi kabla ya kuwaeleza iliyobaki. Kimbunga huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili kijizungushe, na msukumo huo ni dhaifu sana karibu na ikweta, ndiyo maana vimbunga vingi hupita kusini yetu, kuelekea Madagaska na Msumbiji. Lakini vichache vimefika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kuangusha mikarafuu na minazi kwa wingi, wakati Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi, jirani zenu kabisa, na pengine wapo wazee waliosimuliwa na wazazi wao. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa hofu ya kimbunga Kenneth, kikaingia nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji, kusini mwa mto Ruvuma. Hidaya chenyewe kilipungua nguvu kilipofika karibu na Mafia tarehe 4 Mei, hata hivyo mvua zake zilikata barabara ya Somanga na kuitenga Lindi na Mtwara na Dar es Salaam. Mvuvi aliyerudi salama asema alirudi salama; asiseme kwamba hakukuwa na kitu.

Sasa kuhusu uzito wa maneno yenu. Nashauri BMU isitoe kamwe utabiri wake yenyewe. Msiseme “kimbunga kitapiga kesho,” bali semeni: “Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari hii saa fulani, inasema upepo na mawimbi yatakuwa hivi, na taarifa inayofuata tutaisoma saa fulani.” Kisha kweli mwisome saa hiyo, hata kama inasema hatari imepungua. Mtu anayetoa habari njema kwa uaminifu uleule anaotolea habari mbaya ndiye anayeaminiwa siku ya tatu. Pandisheni bendera kwenye nguzo moja inayoonekana na kila chombo, na iteremsheni mara hatari inapokwisha. Bendera iliyosahaulika juu kwa wiki mbili hufundisha watu kuipuuza.

Jambo la pili, mzee wangu, ni la tumbo. Mvuvi anayekwenda baharini siku ya tahadhari mara nyingi amekusikia vizuri sana, ila nyumbani hakuna unga. Kama BMU inakusanya ushuru au michango, tengeni sehemu ndogo iwe mkopo wa chakula kwa siku ambazo bahari imefungwa, nao ulipwe kidogo kidogo samaki wakipatikana. Washirikisheni pia akina mama karanga, yaani wakaanga samaki, kwa sababu wao hununua samaki na wanaweza kukubaliana kwamba siku ya bendera hakuna anayenunua. Nahodha asiye na mnunuzi hatoki.

La tatu ni daftari la kutoka na kurudi. Kila chombo kiandikwe jina lake, nahodha, idadi ya watu na maboya waliyobeba, mwelekeo waliokwenda, na saa waliyotarajia kurudi. Daftari hilo ndilo litakalowaambia waokoaji wamtafute nani na wapi. Bila hilo, msako huanza kwa kuulizana misikitini nani hajaonekana, na saa za thamani hupotea.

SWALI: Asasi yetu ndogo ya vijana imeombwa na mfadhili mpango wa kukabiliana na dharura. Tumepata kwenye intaneti mpango wa kurasa 60 wa shirika kubwa la nje, tukabadilisha majina. Inatosha? (Mratibu, Dodoma)

JIBU: Haitoshi, na naomba mniwie radhi kwa kusema hivyo waziwazi. Mpango wenu halisi ni ule ambao mlinzi wenu wa usiku anaweza kuusoma kwa tochi. Andikeni ukurasa mmoja wenye mambo haya: nani anaamua ofisi ifungwe na nani anashika nafasi yake asipopatikana, namba za simu za wafanyakazi na za jamaa zao, mahali mtakapokutana na kuhesabiana, gesi na umeme huzimwa wapi, nyaraka zipi zitoke kwanza, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ubandikeni mlangoni kwa ndani, na mpeni mfadhili nakala ya huohuo pamoja na tarehe mliyoufanyia mazoezi. Kurasa 60 zikibaki kabatini, moto utaziteketeza pamoja na kabati.

SWALI: Chama chetu cha bodaboda kina vijiwe saba katika Manispaa ya Morogoro. Ajali ikitokea, sisi ndio wa kwanza kufika, na baadhi yetu tulipoteza ndugu katika moto wa Msamvu. Tunataka chama kiwe cha msaada, lakini hatujui mipaka yetu. (Katibu mwenezi, Morogoro)

JIBU: Poleni sana, ndugu zangu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, watu walikusanyika, wengi wakichota mafuta, na lilipolipuka zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Siandiki hayo ili kuwalaumu waliokufa. Naandika kwa sababu mngekuwa na chama kilichofunzwa, kazi yenu ya kwanza pale ingekuwa kuwarudisha watu nyuma, kazi ambayo ni ngumu na haina shukrani, na ambayo kijana anayejulikana mtaani huifanya vizuri kuliko mgeni mwenye sare.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaza mitaro, na hauhitaji moto mkubwa kuwaka. Cheche ya pikipiki inatosha. Kwa hiyo zimeni pikipiki zenu mbali, upande ambao upepo unatokea, mzuie watu na magari pande zote mbili za barabara, na mmoja apige 114 akieleza mahali kwa alama ambayo mtu wa nje ya mtaa anaijua. Msichote, wala msikubali kusindikiza madumu ya mtu.

Kwa ajali za kawaida, mpaka wenu ni huu: msimbebe majeruhi kwa mtindo wa mshikaki, akiwa amebanwa katikati ya watu wawili huku shingo inaning’inia. Kama hakuna moto wala maji yanayomtishia, mwacheni alipo, bonyezeni jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi bila kuachia, mfunikeni asipate baridi, na mtafute gari ambalo atalazwa. Ombeni mafunzo ya huduma ya kwanza kutoka Chama cha Msalaba Mwekundu na mafunzo ya uokoaji kutoka Zimamoto, na mhakikishe kila kijiwe kina watu wawili waliofunzwa mchana na wawili usiku, badala ya kuwapeleka viongozi peke yao, ambao huwa hawako kijiweni. Jambo jingine mlilo nalo ambalo hakuna ofisi inayo ni ujuzi wa njia. Mpeni mtendaji wa kata orodha ya madaraja na vivuko vinavyofunga mvua ikinyesha, pamoja na namba za wenyeviti wa vijiwe vyote saba, kabla mvua haijaanza.

SWALI: Sisi ni chama cha viziwi katika mkoa wa Tanga. Tahadhari huku hutolewa kwa gari la matangazo au kipaza sauti cha msikiti. Usiku wa mafuriko, mwanachama wetu mmoja aliamshwa na maji yenyewe. Tumwandikie nani? (Mwenyekiti wa chama, kwa mkono wa mkalimani)

JIBU: Andikeni, lakini msiishie kuandika. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi chini kabisa, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inalinda haki yenu ya kupata habari na huduma. Kwa hiyo nendeni kwa mtendaji wa kata mkiwa na mkalimani wenu, mkaombe mwakilishi wenu awe katika kamati ya maafa, na barua mliyoandika igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yenu. Watu wenye ulemavu wakitajwa katika mpango kwa sentensi moja ya “makundi maalumu,” usiku wa maji sentensi hiyo haimwamshi mtu.

Wakati mnasubiri, fanyeni yaliyo mikononi mwenu. Kila mwanachama awe na majirani wawili wanaosikia, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa hayupo, nao wajue dirisha lake la chumba cha kulala liko upande gani. Kubalianeni ishara ya tochi, kwa mfano mimuliko mitatu mirefu ikirudiwa, na muifanyie mazoezi usiku halisi mwanachama akiwa amelala, kwa sababu mwanga unaoonekana vizuri jioni huenda usimwamshe mtu saa tisa. Wengine wamefunga kamba kutoka kidole cha mguu hadi dirishani. Inachekwa mchana, lakini inafanya kazi. Simu iwekwe kwenye mtetemo chini ya mto wa kulalia, na kiongozi wa mtaa awe na orodha ya kuwatumia ujumbe wa maandishi. Kila mmoja awe pia na kadi ndogo katika mfuko wa plastiki, inayosema kwamba yeye ni kiziwi, na inayotaja jina la mtu wa kumpigia, ili kambini asije akadhaniwa ni mkaidi kwa kutoitika jina lake.

Waambieni wenzenu wa kamati jambo hili pia: mvua kubwa inapopiga juu ya bati, hata mwenye masikio mazima hasikii gari la matangazo. Ishara za mwanga mnazozihitaji ninyi zinahitajika na mtaa mzima.

SWALI: Kanisa letu na msikiti wa jirani tuliunda kamati ya pamoja baada ya mafuriko katika wilaya ya Kilosa. Misaada ilikuja, tukagawa kwa nia njema, na bado tuliitwa wezi. Wapo waliopata mara tatu na wapo ambao hawakupata kabisa. Tulikosea wapi? (Mjumbe wa kamati, Kilosa)

JIBU: Ndugu yangu, mlikosea mahali ambapo karibu kila kamati hukosea: mlianza kuandika majina siku ambayo mchele ulikuwa umekwishafika. Kuandika majina mbele ya magunia ni kualika kila aina ya ujanja, na hata mtu mkweli huongeza mtoto mmoja wa shangazi. Orodha ya kaya hutengenezwa wakati wa kiangazi, nyumba kwa nyumba, pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji, na husahihishwa mara mbili kwa mwaka. Kilosa mna sababu zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa mto Mkondoa umewatoa watu nyumbani mara kwa mara. Wengi bado wanayakumbuka mahema ya mwanzoni mwa 2010.

Nakuomba utazame kwa makini ni nani ambao hawakupata kabisa. Nina hakika kubwa kwamba wengi wao walikuwa wapangaji. Kamati huandika “nyumba ya fulani,” mwenye nyumba anapokea, na kaya nne zilizopanga vyumba vya nyuma hazimo popote. Kundi la pili ni wake wa mume mmoja wanaoishi nyumba tofauti, ambapo mume huandikwa mara moja na mzigo huishia kwa mke mmoja. La tatu ni wageni waliofika karibuni kwa kilimo au ufugaji, ambao mjumbe hawajui kwa majina. Hesabuni vyungu, maana yake ni jiko la nani linapikia nani. Wanaokula chungu kimoja ndio kaya moja, awe mpangaji au mwenye nyumba. Mwandikeni mama kuwa mpokeaji wa chakula inapowezekana.

Maporomoko ya udongo kutoka Mlima Hanang yalipoifikia Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80, misaada ilitoka kila pembe ya nchi, na huruma hiyo ni jambo la kujivunia. Lakini huruma isiyoelekezwa huja kwa sura ya marobota ya nguo. Kamati yenu iandae sasa, kabla ya shida, karatasi ya mahitaji ya wiki ya kwanza: khanga, sufuria, ndoo zenye mifuniko, dawa ya kutibu maji kwa ajili ya kuzuia kipindupindu, taulo za kike, vyandarua, madaftari ya shule. Waumini wa mjini wanapopiga simu kuuliza walete nini, wasomeeni karatasi hiyo. Anayetaka kutoa fedha, zipitie akaunti yenye watia saini wa pande zote mbili, kanisani na msikitini, na matumizi yabandikwe ukutani kwenye nyumba zote mbili za ibada, yakiwa na kiasi kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki. Wala msigawe kando ya kamati ya maafa ya kata au ya wilaya, hata kama mnaiona ni ya polepole. Pelekeni orodha yenu kwao, muombe yao, mzilinganishe mezani; hapo ndipo aliyeandikwa mara tatu hujulikana bila mtu kumwita mwizi hadharani.

Kuhusu jina baya mlilokwishapata, itisheni mkutano mmoja, someni orodha ya zamani yote, kubalini majina mliyoyaruka, na muandike mapya palepale mbele ya watu. Kisha anzeni na vyumba vya nyuma.